Milimita Moja kwa Siku

Ni mimi niliyempigia simu: theluji imejaa paani,
mbao zinalia usiku, njoo na beleshi lako.
Akaja Jumapili, soksi mbili mbili,
akanywa chai akiwa wima, akapanda.
Nilikuwa jikoni nakata figili
niliposikia theluji ikiporomoka, pu,
kama kila majira ya baridi hapa Otaru,
kisha kimya ambacho si cha theluji.

Kazi yangu ni samaki. Sapporo, ghorofa ya tatu,
matangi mia mbili, samaki wa milia
wasiozidi kidole changu cha mwisho.
Ninawalaza kwa dawa, namkabidhi Daktari Uozumi kisu,
naye anakata ugwe wa mgongo, mkato mmoja.
Wanaamka wakiburuta mkia kama kitambaa kilicholowa.
Wiki ya pili wanatikisika. Ya nne wanapinda.
Ya saba, ukiniuliza yupi alikatwa na yupi hakuguswa,
sina budi kufungua daftari.

Sisi hatuko hivyo. Jeraha letu lina pupa,
hukimbilia kufunga kabla ya kuunganisha.
Kovu huota katikati, gumu, lenye nia njema,
kama askari mgeni aliyeambiwa asipite mtu
akamzuia hata mwenye nyumba.
Neva hufika pale na ncha laini ya mche wa maharage,
inapapasa, inapapasa,
inajikunja, inalala.

Ghorofa yetu nzima yambembeleza askari huyo:
kimeng'enya cha kulainisha kovu,
seli za puani za kuishika neva mkono,
na panya ninaohesabu hatua zao za nyuma
kwenye kijia cha kioo, nikiandika
hakuna. hakuna. hakuna. labda.

Kohei akauliza, neva hukua kiasi gani?
Ya mkono, nikamwambia, ikiachiwa njia,
milimita moja kwa siku.
Akataka futi ya cherehani, ile ya mama, ya njano,
namba zimefutika kuanzia sitini.
Nikapima toka pingili iliyovunjika hadi dole gumba la mguu:
sentimita mia moja na nne.
Akafumba macho. Alikuwa karani wa ghala bandarini,
hesabu humtii.
Siku elfu moja na arobaini, akasema. Si nyingi.
Ikiachiwa njia, nikasema.
Nilikusikia mara ya kwanza, akasema.

Usiku mmoja wa Februari kidole kikaruka chini ya blanketi.
Aliniita kwa jina la utotoni, Chii, Chii,
tukakitazama kama watu wanaosubiri birika lichemke.
Kikaruka tena.
Asubuhi daktari akasema ni misuli tu,
ugwe wa chini unajisemea peke yake,
haujapata habari kutoka juu.
Najua. Hata mimi ningeandika hivyo daftarini.
"Basi unajisemea," Kohei akasema. "Haujanyamaza."

Sikumjibu. Nina deni la theluji asilotaka kulidai.
Kila jioni napiga magoti, nanyoosha vifundo vyake,
mara ishirini kulia, mara ishirini kushoto,
naye anasoma gazeti juu ya kichwa changu,
bei ya kaa, matokeo ya besiboli,
kwa sauti, ili nisihesabu peke yangu.

Jana akaniuliza kuhusu samaki:
wakishapona, humkumbuka aliyewakata?
Sijui, nikasema. Nikija na chakula wote hupanda juu.
Wote?
Wote. Hata yule wa wiki ya kwanza,
kwa mapezi ya mbele tu, akichelewa,
akifika punje zimekwisha.
Kohei akakunja gazeti.
Kwa hiyo?
Kwa hiyo huwa namfichia chache.